Je, ulevi ni utetezi katika kesi ya mauaji? Jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, poleni kwa mtihani uliowafika. Umeeleza kwamba kaka yako anashtakiwa kwa kumuua mwenzake kilabuni kwa kisu, kwamba usiku ule alikuwa amelewa chakari na hakumbuki lolote, na unauliza kama ulevi huo utamwokoa. Nimetetea washtakiwa wa mauaji Mahakama Kuu kwa miaka mingi, wengi wao kwa kupangiwa na mahakama kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kuweka wakili, na mashauri yaliyoanzia penye pombe za kienyeji kama komoni na gongo nimeyashika ya kutosha. Nitajibu kwa sheria ya Tanzania Bara.

Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinaanza kwa kukataa: ulevi si utetezi. Kisha kinataja hali mbili ambazo mtu, kwa sababu ya kulewa, hakujua alitendalo au hakujua kwamba ni kosa. Ya kwanza ni pale alipoleweshwa bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine, na hapo huachiwa. Ya pili ni pale ulevi ulipomtia wazimu, wa muda au vinginevyo, na hapo hushughulikiwa kwa taratibu za wagonjwa wa akili, ambazo huweza kumfikisha Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili iliyoko Dodoma, wala si nyumbani. Kwa maelezo yako, kaka yako alikwenda kilabuni kwa miguu yake na akanunua kwa fedha yake. Sioni atakavyonufaika na lolote kati ya hayo.

Kinachomhusu ni kifungu kidogo cha nne, kinachoitaka mahakama iuzingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia ambayo bila hiyo hana hatia ya kosa lile. Mauaji ya kukusudia hayakamiliki bila nia ovu. Ikikosekana, hubaki kosa la kuua bila kukusudia. Tofauti ni kubwa mno, maana kifungu cha 197 humwachia jaji adhabu moja tu, kunyongwa, ilhali kwa kuua bila kukusudia kifungo cha maisha ndicho kikomo na jaji anaweza kushuka chini kwa kadiri ya mazingira. Tena si kazi ya kaka yako kuthibitisha kwamba hakuwa na nia. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililieleza hilo tangu miaka ya 1950, katika rufaa ya Cheminingwa: anayedai wazimu uliotokana na ulevi ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha, lakini suala likiwa ni nia tu, mzigo haumwondokei mwendesha mashtaka.

Hata hivyo, nia hupimwa kwa matendo. Katika shauri la Enock Kipela, rufaa ya mwaka 1994, Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilitaja vya kutazamwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, maneno yaliyosemwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Hapa ndipo kesi hizi hushindwa au kushinda. Aliyenyakua kuni jikoni katikati ya ugomvi akapiga mara moja yuko mbali sana na aliyeondoka kilabuni, akaenda nyumbani kuchukua panga, akarudi kwa njia ya giza bila kupotea. Huyo wa pili, hata akinuka pombe kama pipa, atapata shida kumshawishi jaji. Vivyo hivyo aliyeficha kisu au kuosha nguo.

Kuhusu kutokumbuka, nakusihi msikutegemee. Kusahau asubuhi hakuonyeshi kwamba usiku mtu hakukusudia, na majaji wanalijua hilo vizuri.

Shahidi ninayemhoji kwa uangalifu zaidi ni mama muuza pombe. Humuuliza alimpimia mteja kiasi gani, tangu saa ngapi, kama alihesabu chenji yake mwenyewe, kama alisimama bila kushikwa, kama aliwaita watu kwa majina. Tatizo ni kwamba gongo ni haramu, hivyo shahidi huyo ana kila sababu ya kusema mteja alikunywa kidogo tu, tena komoni. Ndiyo maana walevi wenzake wana thamani kuliko mnavyodhani. Watafuteni sasa, kabla hawajahama au kuogopa, mpeleke majina yao kwa wakili bila kuwafundisha la kusema.

Mwisho, soma na wakili maelezo ya onyo ambayo kaka yako aliandikisha polisi, uone kama yanataja pombe. Pia awe makini siku ya usikilizwaji wa awali: mambo anayokubali pale kuwa hayabishaniwi huhesabiwa yamethibitishwa, na nimeona washtakiwa wakiitikia muhtasari mzima wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, pamoja na sentensi inayosema walikuwa na akili timamu.