Mirathi: wakili wa huku au wa kule?

Baba amefariki akiwa mbali na ninakoishi. Nitafute wakili wa huku kwangu au wa kule kwake? – Kifungua mimba

Pole kwa msiba. Tafuta wa kule. Kwa kawaida shauri la mirathi hufunguliwa kwenye mahakama ya eneo ambako marehemu alikuwa na makazi yake ya mwisho, au mali yake iliko. Wakili anayeingia mahakama hiyo kila wiki anajua masijala inataka nyaraka gani, na hatakutoza nauli ya kwenda na kurudi. Ila kama baba aliacha kiwanja au nyumba nchi nyingine, jiandae kwa wakili wa pili: ardhi hufuata sheria ya nchi iliko.

Nimepewa majina matatu ya mawakili. Nitamjuaje anayefaa?

Kwanza hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya mawakili wenye leseni hai. Halafu muulize swali ambalo wengi husahau: ni mirathi ngapi umezifunga? Hapo utaona wanaokohoa. Kufungua shauri ni rahisi. Kazi iko kwenye kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa na kupeleka hesabu mahakamani. Muulize pia faili lako atalishika nani, yeye au kijana wa ofisini ambaye hujawahi kumwona. Akianza kukuahidi tarehe ya kumaliza kabla hajaona wosia wala orodha ya mali, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Wakili anataka alipwe asilimia ya mali yote. Ni sawa?

Kwingine sheria inaruhusu, lakini mimi siipendi. Nyumba moja ya thamani kubwa, isiyo na deni wala mgogoro, haina karatasi nyingi kuliko nyumba ndogo. Omba akutajie pia malipo ya jumla, au ya saa, ulinganishe. Mkishakubaliana, yaandikwe: ada ya mahakama na ya mthamini zimo au hazimo? Gharama halali za usimamizi kwa kawaida hutoka kwenye mali ya marehemu kabla ya mgawo, kwa hiyo mnalipa warithi wote. Waambie wenzako mapema.

Kaka ndiye msimamizi. Wakili wake anasema anatutetea sote. – Kitinda mimba

Anamtetea kaka yako kama msimamizi. Wewe una haki ya kuulizia orodha ya mali na madeni, na hesabu. Ukinyimwa, tafuta wakili wako.

Mali ni kidogo tu. Lazima niwe na wakili?

Si kila mara. Nchi nyingi zina utaratibu mwepesi kwa mirathi ndogo, na karani wa mahakama anaweza kukuelekeza fomu, ingawa hatakupa ushauri wa kisheria. Akaunti ambayo marehemu aliandikisha mtu wa kuipokea kwingine haipiti hata kwenye mirathi; anza kuuliza benki. Ila usigawe chochote kabla ya kujua madeni. Msimamizi akiwapa ndugu fedha leo, kesho akaja mdai mwenye hati, deni hilo huenda akalazimika kulilipa mwenyewe kutoka mfukoni. Hata ukiamua kujisimamia, lipia saa moja ya wakili akukagulie orodha ya wadai.