BMW iX hapa Unguja: nshaikalia, nshaiendesha, na chaja yake nimeifunga mie

Asalaam alaykum wana jukwaa. Yule ndugu alouliza kama kuna mtu kashaiona ile BMW iX ya umeme hapa kisiwani, na kama inamfaa mtu anaekaa Unguja na kwao ni Wete, Pemba, naona kajibiwa na watu wengi ambao gari yenyewe wameiona kwenye simu. Mie ni fundi umeme wa majumba, magari si kazi yangu, lakini niliitwa na bwana mmoja upande wa Fumba nimfungie chaja nyumbani kwake, gari kaileta kutoka Uingereza kwa hio usukani ni kulia kama zetu, na katika kufunga na kupima na kujaribu nikapata kuikalia, kuiendesha na kufungua kila kinachofunguka. Jibu refu hili, alie na haraka ateremke moja kwa moja kwenye habari ya ethi (ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), maana hapo ndipo pesa zenu zitakapopotelea.

Iliyopo hapa ni xDrive50, ya toleo la mwanzo lililotoka 2021. Mwaka 2025 BMW wameigusa tena na sasa mahali pake kuna xDrive60, na juu yake M70, lakini umbo ni lile lile. Sura yake mie sijaizoea, niseme kweli. Yale matundu mawili ya pua safari hii wameyasimamisha marefu mpaka chini na wala si matundu, hewa haipiti, nyuma yake wameficha kamera na rada. Wenyewe wanasema utando wa juu yake ukikwaruzika kidogo unajirudi ndani ya saa 24 kwa joto la kawaida la chumba. Sikuthubutu kujaribu, gari ya watu. Kwa ubavu lakini ni nzuri sana, na milango haina fremu juu ya kioo, ukiifungua unaona nyuzi za kaboni zenyewe zimeachwa wazi pale unapopandia, hazikupakwa rangi.

Sasa bonneti. Haifunguki. Si kwamba imekwama, imefanywa makusudi, wa kuifungua ni fundi wa kampuni tu, mwenye gari kazi yake mbele ni kutia maji ya waipa, na hayo unayatilia kwenye ile nembo ya BMW, unaibonyeza inainuka kuna mdomo chini yake. Siku ile nafanya kazi wamekusanyika majirani, kila mmoja "hebu funua tuone injini", na kuna mzee mmoja kaizunguka yote mikono nyuma kisha kanijia mie kwa sababu kaniona na bisibisi.

"Mwanangu, ikizima njiani fundi anashika wapi?"

"Mzee wangu, fundi wa hii anakuja na kompyuta."

"Basi hapo mwenye gari keshakwisha," akaondoka zake, hata chai hakungoja.

Mzee hakukosea sana, ntarudi hapo.

Ndani ni raha, sina la kusema. Usukani una pembe sita, mbele skrini mbili zimeunganishwa zikawa kioo kimoja kilichopinda, inchi 12.3 na inchi 14.9, sakafu bapa hakuna lile tuta la katikati, abiria wa nyuma anajinyoosha. Mlango kwa ndani unafungua kwa kitufe. Ngozi za viti wanasema zimetiwa dawa ya majani ya mzaituni, na ya huyu bwana ni rangi ya maziwa, sasa mtu anaeishi na vumbi jekundu la shamba na watoto wanaokula embe nyuma mie nnamshauri achague nyeusi. Viti ni vitano tu. Kwa familia zetu hapo ni kasoro, mtu ana watoto wanne na mama mkwe.

Tukaitoa, tukapita uwanja wa ndege, tukaingia mjini kidogo halafu tukashika njia ya Paje. Nguvu ni farasi 523, kutoka kusimama mpaka 100 ni sekunde 4.6, lakini nyote mnazijua barabara zetu na maaskari wetu, hizo farasi zitakula majani tu. Kilichonifurahisha ni kitu chengine kabisa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta (bado nnasema mafuta, mtanisamehe) gari inajizuia yenyewe na ule mwendo unarudi kuwa umeme kwenye betri. Pale Jozani yale matuta waliyowekea kima punju wasigongwe, mwenye Noah anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga tena, mie nilikuwa nnainua mguu tu, inapungua polepole, inapanda tuta, inashuka, breki sikuigusa. Chini imeinuka kiasi cha sentimita 20 kwa hio haiburuzi, ila ni ndefu na ina uzito wa karibu tani mbili na nusu, ukilivamia tuta kwa pupa utasikia mwenyewe.

Sauti hakuna. Kuna mlio wa kutengenezwa unaotoka kwenye spika ukiongeza mwendo, ametunga Hans Zimmer yule wa muziki wa sinema, mie nliuzima mara moja. Nje, ukiwa chini ya mwendo wa 20, inalia kidogo kwa sababu sheria ya Ulaya inalazimisha, lakini kwa zogo la Darajani nani atausikia, watu wa baiskeli na wasukuma mikokoteni wanashtukia gari zima liko mgongoni. Honi itumike. Na Mji Mkongwe msijisumbue, upana wake ni karibu mita mbili bila ya vioo.

Haya, umbali. Watu wamebishana hapa kurasa mbili nzima kuhusu betri kuisha njiani. Kwa Unguja haya mabishano hayana maana. Betri yake inayotumika ni uniti 105 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), kwa vipimo vya Ulaya inakwenda mpaka kilomita 630, na tuseme kwa joto letu na eisii muda wote ipungue hata theluthi, kisiwa chenyewe kutoka Nungwi mpaka ncha ya kusini ni kama kilomita 85. Utakwenda wapi? Inakula uniti 20 na kitu kwa kila kilomita 100. Mtu akitoka mjini kwenda Nungwi na kurudi ni kilomita 120 hivi, tuseme uniti 25 mpaka 28. Hesabu kwa bei ya uniti zako za Tukuza (umeme wa kulipia kabla) halafu linganisha na petroli ya Prado kwa safari ile ile, mie sisemi kitu.

Shida iko nyumbani, kwenye ukuta.

Huyu bwana alianza kwa kuichaji kwenye soketi ya kawaida kwa ile waya iliyokuja na gari. Inafanya kazi, lakini inaingiza kilowati 2 na kidogo, kwa hio kuijaza kutoka chini ni siku mbili mchana na usiku. Na soketi zetu hizi za bei rahisi hazikuzaliwa kubeba mzigo mzito saa 20 mfululizo. Nilipochomoa plagi ilikuwa moto huwezi kuishikilia, mguu mmoja ushaanza kuwa wa kahawia na plastiki ya soketi imelegea kama mshumaa. Mtu mwenye ekstenshen iliyopita chini ya zulia asithubutu, wallahi.

Kinachotakiwa ni chaja ya ukutani. Nyumba zetu nyingi ni fezi moja (waya mmoja wa moto kutoka nguzoni), hapo unapata ampia 32, kilowati 7 na kitu, kuijaza kutoka sifuri ni saa 14 au 15. Ukiwa na fezi tatu gari inapokea mpaka kilowati 11, saa kama 10. Lakini nani anafika sifuri? Zile uniti za kwenda Nungwi na kurudi unazirudisha usiku kwa muda wa masaa manne tu, kwa fezi moja. Kwa hio msikimbilie kuomba fezi tatu kwa sababu ya gari tu. Waya usipungue milimita 6 za mraba, na kama DB (lile sanduku la breka) iko mbali na banda la gari panda kwenye 10, uwe na njia yake peke yake kutoka kwenye DB na breka yake. Ile breka ya kukata umeme unaovuja, zingatieni hapa, ya kawaida ya majumbani inaweza kupofuka ikiwa kinachovuja ni DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), na gari la umeme linaweza kuvujisha DC, kwa hio ama chaja iwe na kinga hio ndani yake ama ununue breka ya aina inayoiona. Hii fundi wako asipoijua mtafute mwengine.

Ethi sasa. Chaja hizi kabla ya kuruhusu umeme zinapima ethi, ikiwa mbovu zinagoma, taa nyekundu, basi. Friji yako na tivii zimeishi miaka yote na ethi ya uongo na hazijasema kitu, chaja inasema siku ya kwanza. Na Fumba yote ile ni jiwe la matumbawe, kama ilivyo Makunduchi, Jambiani na ukanda wote ule. Nilipigilia rodi (fimbo ya chuma ya ethi) ikaingia kama mkono mmoja ikagonga jiwe, nikahamia pembeni, jiwe, nikahama tena, rodi imepinda kichwa. Na hata ukilitoboa, jiwe kavu halipitishi umeme vizuri, unapima ethi unapata namba za kuchekesha. Mwisho tukachimba mtaro kufuata ukuta upande unaomwagika maji ya eisii, tukalaza waya mtupu wa shaba, tukaunga na rodi fupi kadhaa, tukaujaza udongo mwekundu ulioletwa kwa kigari cha mizigo cha Carry, maji yale yanaulowesha kila siku. Chaja ikawaka kijani. Gharama ya mtaro na shaba na udongo haikuwa mbali na bei ya chaja yenyewe, na hakuna muuzaji wa gari atakaekwambia habari hii.

Na volti zipimeni saa mbili usiku, kila nyumba imewasha eisii, msipime saa nne asubuhi mkadanganyika. Gari ina saa ndani yake, unaiambia ianze kuchaji saa sita za usiku mtaa ushalala, inaanza yenyewe.

Kuna aliyesema umeme ukikatika tutakaa. Wenye umri wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipokufa na kisiwa kizima kikakaa gizani miezi mitatu. Tangu 2013 kuna waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni upande wa bara, hali si ile, ila ni haki mtu kuuliza. Jibu ni kwamba ikikatika siku moja au mbili una betri tele ya kutembelea. Ambacho iX haifanyi ni kurudisha umeme nyumbani. Ukitaka gari ya kifahari itakayowasha friji umeme ukikatika itazame Kia EV9, ile inatoa mpaka kilowati 3.6 kwa soketi, na viti unapata saba. Ingekuwa pesa yangu ningechukua hio, japo BMW inaendeshwa kwa raha zaidi.

Wakati wa kuagiza angalieni mdomo wa kuchajia. Gari ya Uingereza na Ulaya ina ule wa matundu saba juu na mawili makubwa chini. Za soko la China zina mdomo wao, nyingi za Japani na Marekani nazo wao. Gari iko bei rahisi Dubai kumbe mdomo wake wa China, utazunguka kutafuta adapta.

Kuhusu yule mzee na suali lake. Mota za hii hazina sumaku ya kudumu, rota (sehemu inayozunguka) inapelekewa umeme kwa brashi, kitu ambacho fundi yeyote wa mota za zamani anakifahamu kwa kichwa, lakini kukifikia ndio kazi. Waya zote za rangi ya chungwa chini ya gari ni za mfumo wa volti 400, DC, hizo si za kujaribu jaribu na testa. Hapa kisiwani sijamwona mtu mwenye mafunzo ya hizo wala mashine yake, kwa hio tatizo kubwa likitokea ni gari kupanda meli kwenda Dar au fundi kupanda boti kuja huku, na yote mawili unalipa wewe. Matairi, bushi, vipande vya bodi, hivyo vijana wetu watavimudu. Chumvi ipigwe maji matamu chini kila ukirudi pwani, na msiiteremshe mchangani kupiga picha.

Pemba: milima yenu ya kutoka Chake kwenda Wete ndiyo inayoipenda, kila mteremko unarudisha umeme kidogo. Ila kwenye meli mwambieni mapema mpakiaji uzito wake, mtu akiona umbo anakisia tani moja na nusu, na betri msiipeleke imejaa wala imekauka, nusu yatosha, Mkoani mpaka Wete mtafika na zitabaki. Huko Wete kama nyumba iko kwenye udongo wa karafuu rodi itazama vizuri, mtaro hamuhitaji. Nitumieni picha ya DB yenu na ya mahali gari itakapolala, nikwambieni waya gani wa kununua. Picha za gari yenyewe ntaweka mwenyewe akiridhia, namba ntaifunika.