Goti lililosagika: usimkalishe mama kitini

Mkuu, umeuliza kama mama yako wa miaka 62 aache kutembea, kwa kuwa ameambiwa mafuta ya magoti yamekwisha. Nina ugonjwa huohuo, osteoathraitisi, goti la kulia, mwaka wa tisa sasa. Nakuomba usimkalishe.

Hiyo kauli ya mafuta ndiyo iliyonipoteza. Kinachosagika ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, goti linapobebeshwa uzito na kuachiwa, kama sifongo inavyokamuliwa. Mimi nilijifungia karibu mwaka mzima nikiogopa kulimaliza. Maumivu yalibaki palepale, na msuli wa paja ukanywea hadi goti likawa linaniachia nikishuka ngazi. Kuinuka kitini, mpaka nijisukume kwa mikono.

Aliyenirudisha ni mtaalamu wa fiziotherapia. Zoezi la kwanza lilikuwa dogo hata nikalidharau: kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, ushushe taratibu. Kisha kuinuka bila kushika popote. Wiki ya 8 hivi ndipo nikaona tofauti. Alinipa kipimo ninachokifuata hadi leo: maumivu madogo wakati wa zoezi ni ya kuvumilia; yakiendelea mpaka kesho yake, au goti likivimba, punguza, lakini usiache. Fimbo ashike mkono wa upande mzima, siyo upande wa goti bovu. Na kama uzito umezidi, kila kilo anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua.

Vidonge vya maumivu asimeze kila siku bila daktari, hasa akiwa na presha, vidonda vya tumbo au shida ya figo. Muulizeni kwanza kuhusu dawa ya kupaka.

Eksirei isiwatishe. Picha yangu ya mwaka jana ni mbaya kuliko ya kwanza, na leo natembea mbali kuliko wakati ule.

Mkakamao wangu wa asubuhi huisha ndani ya nusu saa. Wake ukizidi saa nzima, na viungo vina joto na uvimbe, apimwe baridi yabisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, maana tiba yake ni nyingine. Na nyonga ameshaangaliwa? Nyonga iliyosagika huweza kuuma gotini.