Kukarabati au kubomoa?

Dada, umeuliza kama msamaha wa kodi ya majengo Philadelphia utakufaa zaidi ukikarabati hiyo nyumba kuukuu uliyonunua, au ukiibomoa na kujenga upya. Mimi ningekarabati. Thamani inayoongezwa na ukarabati wa makazi haitozwi kodi kwa miaka 10. Ile ya zamani unaendelea kuilipia. Nyumba mpya, tangu 2022, husamehewa asilimia 100 mwaka wa kwanza, halafu 90, halafu 80, hivyo hivyo hadi iishe. Kiwanja kinalipiwa vyovyote vile, usije ukashtuka bili ikifika.

Chunga tarehe ya kibali cha ujenzi: maombi yapelekwe ofisi ya uthamini ndani ya siku 60. Fundi akikwambia “tuanze tu, kibali baadaye”, mkatalie.