Mtoto Ameonekana Kupona: Je, Tuache Matibabu?

SWALI: Mhariri, mwanangu ana miaka 12. Miezi minne iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya damu, akaanzishiwa dawa Muhimbili. Sasa amenawiri, nywele zinaota upya na jioni anacheza mpira na wenzake. Baba yake anasema tusirudi tena, kwa sababu mbuzi wamekwisha na alizeti ya mwaka huu tumeiuza ikiwa bado shambani. Dada yake wa kidato cha pili amekosa masomo wiki nyingi akiwalea wadogo zake. Tupate wapi msaada?
Mama, Kongwa

JIBU: Pole sana, mama. Naanza na hoja ya baba kwa kuwa ndiyo isiyoweza kusubiri: tafadhali msiache matibabu. Katika aina ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi, dawa za miezi ya mwanzo hupunguza seli za ugonjwa mpaka hazionekani tena kwa hadubini, na mtoto hurudiwa na nguvu kama huyo wako, lakini seli chache hubaki zimejificha mwilini, na ni kwa ajili ya hizo matibabu huendelea kwa miaka 2 hadi 3. Dawa zikikatishwa katikati, ugonjwa mara nyingi hurudi, na ukirudi huwa mgumu kutibika kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mwombe daktari amweleze baba mwenyewe, hata kwa simu. Baba hana ukatili. Ameona mtoto anacheza, na zizi ni tupu.

Kuhusu fedha, inaniuma kwamba mmeuza kila kitu kabla ya kumwambia mtu yeyote hospitalini kuwa mmeelemewa. Mtakapofika, muulizieni ofisa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kusikiliza familia zisizo na uwezo na kuangalia kama zinastahili msamaha wa gharama. Mwende na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza hali yenu, pamoja na karatasi za rufaa. Hapo hapo Muhimbili lipo shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na hospitali katika kugharamia matibabu ya watoto wenye saratani na lenye makazi kwa familia zinazotoka mbali. Nauli nayo itajeni waziwazi, kwa maana ndiyo inayowarudisha wengi nyumbani. Kisha mumuulize daktari kama baadhi ya vipimo au dawa vinaweza kufanyika katika Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma, mahali ambapo kutoka Kongwa mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Nyumbani, muwe na kipimajoto na daftari la shule la kurasa chache. Andikeni humo tarehe ya kila dawa, na joto la mwili kila mtoto anapolalamika. Likifika nyuzi 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na mhudumu aambiwe kwamba mtoto yuko kwenye dawa za saratani, kwa sababu dawa hizo hushusha kinga na maambukizi madogo huweza kumwangusha kwa saa chache. Msimpe panadol mkasubiri kukuche.

Sasa huyo binti. Nenda kwa mkuu wa shule umweleze yote, ili asihesabiwe mtoro na walimu wamsaidie kufidia vipindi alivyokosa. Shangazi au jirani aombwe kukaa na wadogo kwa siku zinazojulikana, tuseme Jumatatu hadi Alhamisi, kwani ombi lenye siku maalumu hukubaliwa kwa urahisi kuliko la "tusaidieni". Mwambieni binti pia kwamba saratani ya mdogo wake haiambukizi, na kwamba hakuna alichokosea yeye wala ninyi. Likizo ikifika, kama wodi inaruhusu, nenda naye hospitali. Watoto wa umri wake huwa na maswali wasiyothubutu kumuuliza mama wakimwona analia, na muuguzi anaweza kuyajibu mkiwa mmeketi wote watatu kando ya kitanda.