Puto kwenye anga la Titan: je, siri ni mvutano mdogo?

Swali: Nimesoma kwamba Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, panafaa kwa puto kuliko hata duniani kwa sababu mvutano wake ni mdogo. Ni kweli? Na haidrojeni haitalipuka kwenye hewa yenye methani?

Jibu: Panafaa kweli, ila sababu siyo hiyo. Mvutano ukipungua, mzigo unakuwa mwepesi, lakini nguvu ya hewa kuliinua puto nayo inapungua kwa kiwango kilekile. Kinachoamua ni uzito wa hewa yenyewe: kila mita ya ujazo karibu na ardhi ya Titan ina takriban kilo 5.4 za hewa, ilhali kwetu usawa wa bahari ni kilo 1.2. Kwa hiyo mita moja ya ujazo ya haidrojeni huinua kama kilo 5. Chombo cha kilo 200, puto lake likiwemo, kinatosheka na kipenyo cha mita 4 na ushei.

Mlipuko usikutie hofu. Hewa ile ni naitrojeni na methani kidogo. Oksijeni huru hakuna, basi cheche haiwezi kuwasha moto.

Binafsi navutiwa zaidi na puto la hewa moto. Kule baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri. Pasha hewa ya ndani nyuzi 10 tu, upate karibu nusu kilo ya kuinulia kwa kila mita ya ujazo. Duniani nyuzi hizohizo zingekupa gramu 40. Joto lenyewe ni la bure: jenereta ya plutoniamu inayotoa umeme wa wati 110 hivi huzalisha joto la wati 2,000, na sehemu kubwa hupotea tu. Tena kitundu kidogo hakiliangushi. (Puto la mpira lisahau, kwa baridi ile litavunjika kama glasi.)

Ukiongeza propela na usukani, hewa nzito inakudai: kasi mara mbili, nguvu mara nane. Kwa bahati, chombo cha uchunguzi Huygens kilipotua Titan mwaka 2005 kilikuta upepo hafifu karibu na ardhi, kwa hiyo mwendo wa polepole unatosha.

Hata hivyo NASA imechagua Dragonfly, chombo cha rota nane kinachotarajiwa kuruka 2028 na kufika 2034. Kazi yake ni kutua, kuchimba sampuli, kisha kuhamia kwingine, na kutua ndiko kunakolishinda puto.