Muulize Fundi: Ekseli ya kigari cha tiara

SWALI: Fundi, salamu kutoka Ahero. Ninaunda kigari cha magurudumu matatu cha kuvutwa na tiara, nikiendeshe mashambani baada ya mavuno, ardhi ikikauka. Nina magurudumu ya wilibaro na paipu ya chuma ya inchi moja. Rafiki mmoja asema ekseli ya nyuma iwe sentimita 90 nipite njia za ng'ombe. Mwingine asema 150 nisipinduke. Nina kilo 70. Nimsikize nani?

JIBU: Hakuna hata mmoja, mdogo wangu. Changu cha kwanza kilikuwa 95, na kilinilaza chini siku ya kwanza tu. Upepo wa ziwa ulipoamka alasiri, tiara ilivuta kwa ubavu, gurudumu la upande wa upepo likainuka taratibu likizunguka hewani bila kelele, nami nikaliangalia kama mjinga badala ya kuiachia tiara. Kiwiko kilichubuka hadi leo kina alama.

Wengi hudhani kigari hupindukia kwenye gurudumu la nyuma peke yake. Sivyo. Hupindukia kwenye mstari unaotoka gurudumu la mbele hadi lile la nyuma la upande unaovutwa, na mstari huo unapita karibu nawe kuliko unavyofikiri. Tuseme wewe na kigari ni kilo 95, uzito umekaa theluthi mbili ya njia kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma, na tiara inakuvuta kwenye kimo cha sentimita 60 kutoka ardhini. Kwa upana wa 90, mvuto wa ubavu wa kilo 47 hivi unatosha kukuinua. Kwa 120, ni kilo 63. Kwa 150, ni 79. Na tiara haivuti ubavu tu, inainua pia, kwa hiyo mambo yenyewe ni mabaya kidogo kuliko hesabu.

Basi mbona nisikwambie 150? Kwanza, paipu. Ukirefusha ekseli ileile kutoka 120 hadi 150, kujipinda kwake kunakaribia mara mbili. Hiyo yako ya inchi moja itafanya tabasamu ukikalia tu. Tafuta ya inchi moja u nusu yenye ukuta wa milimita 3. Pili, udongo mweusi wa huko kwenu, tambarare ya Kano, ukikauka hupasuka nyufa. Gurudumu lililo mbali likinasa, linazungusha kigari kizima na miguu yako iko kwenye usukani wa mbele. Tatu, kigari kipana sana hakikuonyi. Kile chembamba huinua gurudumu kwanza, ukajua umezidisha tiara. Kipana hukaa chini kimya, halafu upepo unakung'oa wewe kutoka kitini.

Mimi ningekata 120, kutoka katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Usipime urefu wa paipu. Vijana wengi hukosea hapo. Usiichomelee kwenye fremu, ifunge kwa bolti nne, ili ukiona haikufai ubadilishe kwa jioni moja. Na kiti kiwe chini, kadiri uwezavyo bila kukwaruza matuta. Kushusha kimo cha mvuto kutoka 60 hadi 50 kunakupa nafuu sawa na kuongeza sentimita 24 za ekseli, bila gharama ya chuma.

Magurudumu yako nayo yana hila. Kwenye wilibaro gurudumu hushikwa pande zote mbili. Kwako litaning'inia upande mmoja. Toa bushi, ile bomba ndogo ya katikati ya gurudumu, weka beringi mbili za gololi kila gurudumu, na kijiti cha ekseli kisipungue milimita 20.

Kuhusu nyaya za stima, sitaki hata kubishana: ukiziona, tafuta shamba lingine.

Halafu, kabla hujakata chuma, pima mlango wako. Wangu ni sentimita 85. Kila jioni kigari changu huingia kwa ubavu, gurudumu moja likitangulia, na mama watoto akisimama na ufagio.